Mpaka Uliowalisha: Wachukuzi Walemavu wa Busia

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, mtu aliyepooza miguu amezoeleka kuonekana penye mlango wa msikiti, ngazi za kanisa au taa za barabarani, akisubiri sadaka. Busia ilikuwa na habari nyingine. Katika mji huu uliokatwa na mpaka, nusu ukiwa Kenya na nusu Uganda, walemavu wa miguu walionekana katikati ya barabara wakiwa kazini. Waliketi juu ya baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, magunia na katoni vimefungwa nyuma yao, wakivuka na kurudi mara kadhaa kwa siku. Hawakuletewa kazi hiyo na wizara wala mfadhili, na hapakuwa na chuo kilichowafundisha. Waliibuni wenyewe, na kwa miaka mingi iliwalipia karo za watoto na kodi za nyumba. Nadai katika makala haya kwamba kazi hiyo ilipodhoofika, sababu haikuwa udhaifu wa miili yao wala uchache wa mizigo. Ilidhoofika kwa kuwa nafuu iliyoibeba ilitoka katika huruma ya maofisa, na serikali zote mbili hazikuwahi kuigeuza kuwa haki iliyoandikwa.

Tuanze na mpaka wenyewe, maana bila huo pasingekuwa na cha kusimulia. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, nchi yote kutoka Busia hadi karibu na Naivasha ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Mwezi Aprili 1902 Waingereza walihamisha mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya ya Afrika Mashariki, ile iliyokuja kuitwa Kenya mwaka 1920. Mstari uliotokana na uamuzi huo uliwapasua Wasamia na Wateso, ndugu wa ukoo mmoja wakabaki na magavana wawili. Reli ya kwenda Kampala, iliyokamilika mwaka 1931, ilipita Malaba na Tororo, na kwa sababu hiyo Tororo ikapata karakana, maghala na hatimaye kiwanda cha saruji chini ya jabali lake. Busia haikupata reli. Ilipata barabara ya Kisumu kwenda Jinja, na juu ya barabara hiyo ikaota biashara ya rejareja, ya mtu na mzigo wake. Upande wa Uganda, mji huo uliendelea kutawaliwa kutoka Tororo hadi mwaka 1997, ulipopewa wilaya yake. Tofauti hii ya reli na barabara ina uzito: shehena ya behewa zima haimhitaji mchukuzi mdogo, lakini katoni tano za sabuni zinamhitaji.

Sehemu ya pili ya simulizi ni ugonjwa. Polio humshika zaidi mtoto mdogo, na kwa wengi wanaobaki na kilema huiharibu misuli ya miguu huku ikiacha mikono na akili vikiwa salama. Katika miaka ya 1960 Uganda ilikuwa mfano katika kuwahudumia watoto hao. Ronald Huckstep, daktari wa upasuaji wa mifupa aliyefundisha chuo cha Makerere na kufanya kazi hospitali ya Mulago, alieneza vifaa rahisi vya kusimamishia miguu vilivyoweza kutengenezwa na mafundi wa hapahapa kwa gharama ndogo, na mwaka 1975 kikatoka kitabu chake cha kuwaelekeza waganga wa nchi maskini. Hata hivyo, kufikia wakati huo mambo yalikuwa yameharibika. Mapinduzi ya Idi Amin ya mwaka 1971 na kufukuzwa kwa Waasia mwaka uliofuata viliangusha uchumi, hospitali zikakosa dawa na madaktari wakakimbia. Chanjo zilizorota mpaka mpango wa taifa wa chanjo ulipoanzishwa mwaka 1983. Watoto waliopooza katika pengo hilo la miaka kumi na zaidi ndio waliokuwa vijana wa kutafuta riziki kufikia mwisho wa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990. Hawakuwa wachache. Wengi wao shule ziliwashinda kwa umbali tu, na hapakuwa na ofisi iliyokuwa ikiwangoja.

Wakati huohuo mpaka ulikuwa umegeuka mgodi. Maduka ya Kenya yalikuwa na chumvi, sabuni, mafuta ya taa na mafuta ya kupikia. Ya Uganda yalikuwa na rafu tupu. Baridi kali ilipoteketeza mikahawa ya Brazil mwezi Julai 1975 na bei ya dunia ikapaa, kahawa ya Uganda ilimiminika Kenya usiku kwa usiku, na Chepkube, kijiji cha upande wa Bungoma, kikapata sifa ya soko la magendo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kilichokuwa kuvuka barabara tu kikawa jambo la forodha na bunduki. Desemba 1987 askari wa nchi hizi mbili walirushiana risasi hapohapo Busia, na mpaka ukafungwa kwa muda. Mpaka wa namna hiyo humlipa anayeweza kupita. Wapo waliopita kwa fedha, wapo waliopita kwa njia za panya, na vijana wa baiskeli walioanzisha boda boda walipita kwa mbio. Walemavu walipita mlango mkubwa, mchana kweupe, mbele ya macho ya askari.

Ili kuelewa jinsi ilivyowezekana, ni lazima kukiangalia chombo chenyewe kwa karibu. Baiskeli hii ina gurudumu moja mbele na mawili nyuma. Mahali pa pedali za miguu pana vishikio viwili vilivyo usawa wa kifua, vinavyozungusha mnyororo unaovuta gurudumu la mbele. Kiti kiko katikati, na nyuma yake fundi wa mtaani huchomelea fremu ya vyuma inayogeuza kiti cha mgonjwa kuwa kigari cha mizigo. Nafasi iliyo chini ya kiti nayo haipotei bure. Mzigo hufungwa kwa vipande vya mpira wa tairi kuukuu, kwa kuwa kamba hulegea njiani lakini mpira haulegei. Ukizidi nguvu za mikono, kijana mzima wa miguu hukodiwa asukume nyuma, naye hulipwa kwa safari. Hapo utaratibu wa kawaida wa dunia uligeuka: mlemavu akawa mwajiri na mwenye miguu akawa kibarua wake. Wenye kuandika sera za ajira wangefanya vyema kulitazama jambo hilo kabla ya kuanza tena kuzungumzia mafunzo ya ushonaji.

Biashara yenyewe iliendeshwa hivi. Mfanyabiashara aliyenunua mali Kisumu au Nairobi aliifikisha Busia ya Kenya na kuishusha. Akiivusha kwa lori angetozwa ushuru wa mzigo mzima. Akiigawa kwa wachukuzi kadhaa, kila mmoja akiwa na katoni chache, ingevuka kidogokidogo na kukusanywa upya upande wa pili. Mchukuzi mzima wa miguu aliweza kusimamishwa, kupekuliwa na kunyang'anywa. Mwenye baiskeli ya magurudumu matatu mara nyingi aliachwa apite, kwa sababu ofisa alimwonea huruma, au aliona aibu kumdhalilisha hadharani, au alijua kuwa kumvua mtu yule katoni zake ni kumrudisha barabarani kuomba. Wengine hawakuishia kwenye uchukuzi. Walikusanya mtaji, wakawa wananunua na kuuza mali yao wenyewe. Herbert Muyinda wa Makerere na mwenzake Susan Reynolds Whyte wa Chuo Kikuu cha Copenhagen waliichunguza biashara hii na kuiandikia sura katika kitabu kilichotoka mwaka 2007. Somo kubwa la kazi yao ni kwamba chombo cha kutembelea hakikuwarudishia watu hawa mwendo peke yake, kiliwapa pia nafasi katika jamii. Kilema kilichokuwa kikiwafungia milango kwingine kote, hapa kiliwafungulia lango.

Msomaji makini ataniuliza papo hapo: je, si magendo hayo? Kwa nini nisifie ukwepaji wa kodi kwa kuwa tu mkwepaji hana miguu? Swali ni la haki na halifai kukwepwa. Ndiyo, sehemu kubwa ya mali hiyo ilivuka bila ushuru uliotakiwa na sheria. Lakini kuna mambo mawili ya kupima. Katika miaka ya Amin na ya vita vilivyofuata, magendo ndiyo yaliyokuwa uchumi wa Uganda. Maofisa, wanajeshi na matajiri walihusika kwa kiwango kisichoweza kulinganishwa na katoni za baiskeli, na anayewahukumu hawa wa chini peke yao anahukumu kwa upendeleo. Jambo la pili ndilo zito zaidi kwa hoja yangu. Serikali ilipoanza kujijenga upya, Mamlaka ya Mapato ya Uganda ikaundwa mwaka 1991 na ile ya Kenya mwaka 1995, ilikuwa na nafasi ya kuamua. Ingeweza kusema nafuu hii ni haramu na kuikomesha, huku ikiwatafutia watu wale njia nyingine. Ingeweza pia kusema ni halali kwa kiwango fulani, na kuiandika. Haikufanya lolote kati ya hayo. Iliacha mambo yaende kwa hisani ya ofisa wa zamu, na leo kuwalaumu wachukuzi kwa kuishi katika utata huo ni kumlaumu aliyelowa badala ya aliyeacha paa livuje.

Sheria iliyopo, ya Jumuiya iliyofufuliwa baadaye, inaonyesha vizuri pengo hilo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali lake la Tano, inasamehe ushuru wa vifaa vinavyotumiwa na watu wenye ulemavu. Kiti cha magurudumu kitaingia bila ushuru, na baiskeli ya mikono vilevile. Mzigo uliofungwa nyuma ya baiskeli hiyo hautajwi. Watunga sheria walimwona mlemavu kama mtu anayehitaji kifaa, hawakumwona kama mtu anayefanya biashara kwa kifaa hicho. Kwa hiyo ule uhuru wa Busia uliojulikana na kila mtu mpakani, kutoka kwa mpiga muhuri hadi muuza chai, haukuwa na mstari hata mmoja wa kuutetea siku utakapohojiwa. Na hilo ni ajabu, kwa sababu Uganda ya wakati huo haikuwa nchi isiyowajali walemavu katika siasa. Umoja wa taifa wa watu wenye ulemavu, NUDIPU, uliundwa mwaka 1987. Katiba ya mwaka 1995 iliwatambua, wakapewa viti vitano bungeni, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 ikawawekea wawakilishi wawili, mwanamke na mwanamume, katika mabaraza. Ni nchi chache sana duniani zilizofika hapo. Hata hivyo kiti cha baraza na katoni ya sabuni viliishi katika dunia mbili zisizokutana.

Pingamizi jingine linatoka kwa wanaharakati wenyewe, na kwangu ndilo gumu zaidi. Wanasema kazi inayotegemea huruma humdhalilisha mtu: ili apite, lazima kwanza aonekane wa kuhurumiwa, hivyo kilema kinakuwa kitambulisho cha kuonyeshwa langoni kila siku. Wanaongeza kwamba wenye mali walimtumia mlemavu kama kinga. Faida kubwa ilibaki kwa tajiri aliyekaa dukani, na hatari ya kunyang'anywa ikabaki juu ya kiti cha magurudumu. Sitapinga. Nitaongeza hata ambalo wao hulitaja kwa nadra: huruma ya langoni ilikuwa na macho, haikuwa na masikio. Ilimwona aliyepooza miguu na mwenye baiskeli. Kiziwi hakuonekana. Mlemavu wa akili hakuonekana. Kipofu angeonekana, lakini angeendeshaje? Mwanamke mlemavu asiye na fedha za kununulia baiskeli alibaki nje pia. Nafuu isiyoandikwa hugawanywa kwa jinsi mtu anavyomgusa ofisa moyoni, na mgawanyo huo hauwezi kuwa wa haki hata ofisa akiwa mwema kama malaika. Lakini angalia pingamizi hili linakoelekea. Halisemi kwamba kazi ilikuwa mbaya. Linasema msingi wake ulikuwa mbovu, nami sina ugomvi na hilo. Wale waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa kazi hiyo hawakuwa na muda wa kungoja msingi bora, maana mkono mtupu haulambwi.

Msingi huo ulianza kutikisika kwa mabadiliko ambayo kila mtu aliyaita maendeleo, na kwa kweli yalikuwa maendeleo. Umoja wa forodha wa Jumuiya mpya ulianza tarehe 1 Januari 2005. Bidhaa za Kenya zilizokuwa bado zikitozwa ushuru zikiingia Uganda zilipunguziwa mwaka hadi mwaka, na kufikia 2010 ushuru huo wa ndani ukawa umeondolewa. Ulipoondoka, sehemu ya faida ya kugawa mzigo nayo iliondoka, ingawa kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa vilibaki. Kisha ukaja utaratibu rahisi wa kibiashara kwa wafanyabiashara wadogo, ambapo mali iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, huvuka kwa cheti kimoja chepesi. Tarehe 24 Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha huduma za pamoja cha Busia, ambapo maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja na lori hukaguliwa mara moja tu. Nia ilikuwa kufupisha foleni za siku kadhaa, na zilifupishwa. Ila riziki ya mchukuzi wa magurudumu matatu ilitokana na kusimama kwa lori. Mzigo uliolazimika kushushwa ndio uliomhitaji, na lori linalopita moja kwa moja halina la kumpa.

Halafu, Machi 2020, ugonjwa wa korona ulifunga mipaka. Malori yaliruhusiwa kuendelea, watu wakazuiwa. Katika hesabu za serikali mgawanyo huo ulikuwa wa busara, kwa kuwa chakula na mafuta vilihitajika. Katika hesabu za Busia ulimaanisha kwamba mwenye injini apite na mwenye mikono abaki. Walioweza walihamia njia za panya kwenye vichochoro na mashamba, ambako baiskeli ya magurudumu matatu haina maana yoyote: haiwezi tope, haiwezi ukingo wa mfereji, haiwezi kukimbia askari. Kitu kilichomfaa mtu kwenye lami mchana hakikumfaa usiku kwenye majani.

Busia si peke yake. Kati ya Kinshasa na Brazzaville, ambako mto Kongo ndio mpaka, walemavu walijijengea biashara ya namna hiyohiyo kwenye vivuko tangu enzi za Mobutu, wakipata nafuu ya nauli na ushuru, viti vyao vikiwa vimejaa bidhaa. Kwa miongo kadhaa gati la Ngobila, upande wa Kinshasa, lilikuwa soko lao. Mwaka 2014 Brazzaville ilipowafukuza raia wa Kongo-Kinshasa kwa maelfu na uvukaji ukabanwa, biashara hiyo ilianguka. Ni mipaka tofauti, tawala tofauti na lugha tofauti, lakini chanzo cha anguko ni kimoja. Kote kuwili nafuu ilikuwa mazoea, na mazoea hayana mahakama ya kukimbilia.

Atatokea wa kusema kwamba yote haya ni historia, kwamba leo mlemavu ana sheria na hahitaji tena kuburuta magunia. Kenya ina ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inayoweka lengo la asilimia 5 katika nafasi za umma, na tangu 2013 sehemu ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Uganda ina ruzuku maalumu kwa vikundi vya watu wenye ulemavu tangu mwaka wa fedha 2009/2010, na sheria mpya ya mwaka 2020. Nchi zote mbili ziliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao mwaka 2008. Hayo ni mambo makubwa na sitayabeza. Lakini nafasi ya umma humtaka mtu awe na cheti, na kizazi cha polio cha Busia hakikupewa shule. Zabuni humtaka awe na kampuni na uwezo wa kungoja malipo kwa miezi. Ruzuku huja kwa kikundi, mara moja, na hugawanywa vipande vidogo. Uchukuzi wa mpakani haukudai lolote kati ya hayo. Ulidai mikono, kujua bei za pande mbili, na kuaminika na mwenye mali. Mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka 20 ana ujuzi wa soko ambao mhitimu wa biashara angeuonea wivu, na hakuna hata moja kati ya sheria hizo inayoutambua ujuzi huo kuwa ni sifa ya kazi.

Kinachohitajika hakipiti uwezo wa serikali hizi. Wachukuzi na wafanyabiashara wenye ulemavu wanaweza kusajiliwa katika ushirika unaotambuliwa pande zote mbili za Busia na pale Malaba, kila mwanachama akiwa na kadi na kiwango kinachojulikana cha mali anayoruhusiwa kuvusha kwa siku bila kodi. Kiwango hicho kimhusu kiziwi na kipofu sawasawa na aliyepooza, kwa kuwa kadi haihitaji ofisa aguswe moyo. Mali inayozidi itozwe kama ya mtu mwingine yeyote. Mamlaka za mapato zitapata takwimu zisizokuwa nazo sasa, na tajiri wa dukani atakosa pa kujificha. Anayehofia kwamba wajanja watazitumia kadi hizo kupitisha mali zao anahofia jambo la kweli, ila wajanja hao walikuwepo hata pasipo kadi, na hawakupata kuandikwa katika daftari lolote.

Uganda ilipata polio yake ya mwisho ya asili isiyoletwa kutoka nje mwaka 1996, na bara zima la Afrika lilitangazwa kuwa huru na polio ya asili mwezi Agosti 2020. Kizazi kilichoibuni kazi hii kinazeeka na hakitarithiwa na kingine cha namna yake, bali na walemavu wa ajali za barabarani, wa kisukari na wa vita, ambao nao watatafuta la kufanya. Madiwani wawili wenye ulemavu katika kila baraza la upande wa Uganda, pamoja na wawakilishi wa kaunti ya Busia upande wa Kenya, wana mamlaka ya kulipeleka suala hili mezani kabla wazee hao hawajaondoka na ujuzi wao. Wajibu wao ni kulipeleka katika kikao cha bajeti kijacho.